Jiko la nyumba ya 1951 hapa Jinja: tuliziba matundu ya hewa, sasa tunayafungua

Binti wa Walukuba (mleta uzi)

Wanajamvi, hamjambo. Uzi huu ni wa wenye nyumba za zamani, hasa hizi zilizojengwa na Wahindi hapa Jinja, Mbale na Tororo, na zile kota za reli. Kabla hujamwita fundi aje abomoe jiko, soma kwanza yaliyotupata sisi. Ni marefu, mnivumilie.

Nyumba yetu ina mwaka 1951 umechongwa juu ya mlango wa mbele. Aliyeijenga aliondoka 1972, Amin alipowafukuza Wahindi. Miaka ya tisini familia yake ilirudishiwa ikaamua kuiuza, na Baba, Mungu amrehemu, akainunua 1994 baada ya miaka mingi ya kupanga Walukuba, mtaa wa hapahapa Jinja. Hiki Kiswahili tulitoka nacho hukohuko Walukuba, maana pale kila kabila lilikuja kutafuta kazi ya kiwanda na wote wakakutana kwenye Kiswahili.

Jiko liko nyuma, ng'ambo ya ua, unafika kwa kibaraza chenye paa. Ndani palikuwa hivi: kuta za matofali ya kuchoma, upana inchi tisa. Meza ya saruji yenye mashimo matatu ya makaa, na juu yake kofia kubwa ya matofali inayoingia kwenye dohani. Matundu sita ya hewa chini ya dari. Karo la saruji liko chini kabisa, unaosha vyombo umechuchumaa. Sakafu nyekundu ya saruji, ile ya kupigwa polishi. Rafu tatu za mvule. Na vyote hivyo vimevaa masizi ya miaka sabini.

Mwaka juzi mimi na ndugu zangu wawili tukachanga. Tulitaka Mama apate jiko la kupendeza. Fundi tuliyempata alisifiwa na watu, na kwa wiki tatu alimaliza: sakafu akaisawazisha na kuweka vigae vyeupe, kuta akazipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, karo la chuma, kabati za chipubodi. Dohani ilikuwa ikiingiza mvua na ndege walijenga humo, basi akaifunika juu kwa zege na chini akaweka dari. Matundu sita akayaziba kwa saruji. Hilo la matundu simlaumu peke yake. Sisi wenyewe tulikubali, kwa sababu ya mbu na vumbi.

Siku ya kwanza Mama alisimama mlangoni akatazama juu, akauliza swali moja tu: "Moshi utapita wapi?" Tukamjibu, Mama, sasa utapika kwa gesi.

Wanajamvi, mama zetu mnawajua. Mama anapika matooke kama alivyofundishwa: yanafungwa kwenye majani ya migomba, yanakaa kwenye mvuke saa tatu, baadaye anapunguza moto yalainike zaidi. Mtungi wa kilo sita haukufika wiki tatu. Bila kutuambia akarudisha sigiri, lile jiko dogo la makaa, akaiweka chini kwenye vile vigae vyeupe. Ilikuwa Aprili, mvua kila alasiri, na ikinyesha anafunga dirisha na mlango.

Kichwa kikaanza kumuuma. Kichefuchefu, miguu haina nguvu. Tukampeleka kliniki, akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa za maumivu. Alipokaa kwangu siku nne alipona kabisa, aliporudi nyumbani kikaanza tena. Mara ya tatu, msichana anayemsaidia alianguka kwenye kibaraza akiwa na sahani mkononi. Ndipo muuguzi mmoja akatuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Mnapikia wapi?"

Naomba kila anayesoma akumbuke hili. Makaa yakishakolea hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hujishika na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo unavuta pumzi vizuri na mwili bado unakosa hewa. Dalili zake zinafanana na malaria, na kwetu huku kila kichwa kinachouma ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Jioni ileile mdogo wangu alipanda ngazi na patasi akafungua matundu yote sita. Alitoka mweupe kwa vumbi kichwa kizima, hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo nikaanza kuliangalia lile jiko kwa macho mengine. Ukutani rangi imevimba mapovu makubwa kama chapati, ukibonyeza linapasuka na unga wa chumvi unamwagika. Miguu ya kabati imefura. Maji yakimwagika yanasimama chini ya kabati, kwa sababu sakafu ya zamani ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea tundu la ukutani na fundi aliusawazisha. Yaani kila tulichokiona kibaya mle ndani kilikuwa na kazi yake. Mwenye kujenga 1951 alifikiria kwanza maji yatoke wapi na moshi utoke wapi. Sisi tulianza na rangi.

Sasa tunarudia. Matundu yamefunguliwa, nimeyawekea wavu wa mbu wa chuma. Naomba ushauri kuhusu kuta, umeme na gesi. Na dohani, inafaa kufufuliwa au nimwachie Mungu?

---

Mwashi Tororo

Dada, pole sana, na mpe Mama pole. Hilo la ukuta nimekutana nalo mara nyingi kwenye kota za zamani hapa Tororo, ngoja nieleze kwa kituo.

Nyumba nyingi za miaka ile matofali yake yameshikwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo unanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia usoni. Unapumua. Ukiupiga saruji nzito na juu yake rangi ya mafuta umeufunga kinywa. Maji yanapanda, hayana pa kutokea, yanasukuma rangi. Ule unga uliouona ni chumvi ya ardhini, maji yameipandisha, yamekauka na kuiacha.

Kabla hujagusa ndani, toka nje. Pima udongo wa nje umefika wapi ukilinganisha na sakafu. Nina hakika utakuta uko juu. Watu wanapanda maua kando ya ukuta, wanaongeza kifusi, wanamwaga zege la uani, baada ya miaka sabini udongo umepita sakafu. Chimba ushushe mpaka uwe chini ya sakafu kama futi moja, weka zege jembamba lenye mteremko wa kukimbia ukuta, na utengeneze gata. Bila hiyo hata uniite mimi mwenyewe nije kupiga plasta, nitakula hela yako bure.

Kisha pima kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kata kipande, kibandike ukutani kwa gundi pande zote nne, kiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukuta, ukuta umelowa. Ukiwa upande wa chumba, ni mvuke wa kupika, yaani hewa haizunguki.

Plasta ya saruji bandua yote mpaka mita moja na zaidi kidogo juu ya dalili ya mwisho ya unyevu. Acha matofali wazi. Sisi wazee tunahesabu inchi moja ya ukuta kukauka kwa mwezi, na wako ni inchi tisa. Najua utaona ni mbali, lakini jiko linaweza kutumika huku ukuta uko wazi. Plasta mpya iwe chokaa moja kwa mchanga mitatu. Chokaa huku Tororo tunayo, usidanganywe kwamba haipatikani. Iloweke kwenye pipa usiku kucha, ikikaa wiki ni bora zaidi. Mchanga uwe wa ziwa, uliooshwa. Piga tabaka jembamba, kama unene wa kidole kidogo, subiri siku kadhaa ndipo upige la pili, na usiache jua likalipiga. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho.

Rangi ni chokaa ya maji. Rangi ya mafuta kwenye ukuta ule usiirudie tena.

La mwisho: ukitaka kupanua mlango au dirisha kwenye ukuta unaobeba paa, pitia ofisi ya jiji kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inadai kibali, na pia paa lisije likawaangukia.

---

Kijana wa Masese

Mwashi, sisi tuna plasta ya saruji kwenye nyumba ya bloku ya 2009 na haina shida yoyote. Kwa hiyo saruji ni mbaya au nzuri?

Mwashi Tororo

Kijana, nyumba yako ina nailoni kati ya msingi na kuta inayozuia maji, na bloku zako zenyewe ni saruji. Dawa ya nyumba yako ni sumu ya nyumba ya dada. Hata plasta haina kosa, kosa ni kuivalisha nyumba isiyoifaa.

---

Shangazi wa Bombo

Asalaam aleikum mwanangu. Nimesoma mpaka pale Mama aliposema "moshi utapita wapi" nikaiweka simu chini kwanza.

Mimi nimepika harusi hapa Bombo tangu ujana wangu, sufuria za kulisha watu mia tatu, na nakwambia jiko linatengenezwa na anayepika. Je, mlimwita Mama mkamwambia asimame hapo, apike kwa mikono mitupu, mpime? Usiku wa leo fanya hivyo. Mwambie ajifanye anasonga kalo, ule ugali wa wimbi. Utaona kusonga kunataka sufuria iwe chini ya kiuno, mtu ainame aweke nguvu ya mabega. Ukimpa meza ya urefu wa kukatia vitunguu, kalo itamvunja. Kwa hiyo mahali pa sigiri pawe chini, usawa wa goti hivi, na mahali pa kukatia pawe juu. Hizi meza za picha za simu, zote usawa mmoja ukuta hadi ukuta, ni za watu wasiosonga.

Lile karo la chini msilidharau. Sufuria kubwa haiingii kwenye karo la chuma, na kuku wa kunyonyoa pia. Liacheni, Mama awe na kigoda kizuri kando yake ili magoti yapumzike.

Na sigiri msimkataze. Mtamkataza mchana, ataiwasha mkiondoka. Mpeni mahali ambapo moshi unatoka.

Binti wa Walukuba

Aleikum salaam shangazi. Nimesoma maneno yako kwa sauti, Mama akiwa pembeni. Amesema "huyo anajua kazi" na ameniambia nikusalimie. Tumepima: sigiri yake inataka meza ya sentimita 40, ya kukatia 85. Zile za fundi zilikuwa 95 zote.

---

Mstaafu Gulu

Niongeze upande wa makaa. Nyie wa Jinja mnayaona kwenye gunia tu, sisi huku tunaona mti unavyoanguka. Mti wa shea unachukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na umekatwa ukachomwa kwa siku chache. Mei 2023 ilitoka Amri ya Rais Namba 3 kukataza biashara ya makaa kutoka Acholi, Lango, Teso na West Nile. Malori hayakuisha yote, lakini bei mmeiona.

Kwa hiyo dada, mpe Mama mahali pa sigiri kama alivyosema shangazi, nakubali, lakini jiko lijengwe lihitaji makaa kidogo. Kambini tulizoea kuikandika sigiri kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu, unashika moto na makaa hayaishi haraka. Na vitu vinavyochemka muda mrefu bila kuhitaji ladha ya moshi, kama maharagwe na kwato, vihamishie kwenye umeme. Makaa yabaki kwa matooke na samaki.

Binti wa Walukuba

Asante afande. Maharagwe nayahamisha leo.

---

Fundi Umeme Mbale

Hapo kwenye umeme ndipo nilipokuwa nasubiri. Afande ameshauri vizuri, lakini dada usichomeke kitu chochote kizito kabla hujafungua soketi moja uangalie waya.

Nyumba ya 1951, kama wayaringi haijabadilishwa, utakuta nyaya zenye ngozi ya mpira na kitambaa, zimepita kwenye mabomba ya chuma ndani ya ukuta. Ule mpira ukizeeka unakuwa kama biskuti: ukiukunja tu unamomonyoka, shaba inabaki uchi. Soketi ni zile za matundu ya duara. Sehemu nyingi hakuna waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, na kama bomba la chuma ndilo lilikuwa ethi, kutu imeshalikata. Ongeza ukuta uliolowa na mama anayepika bila viatu kwenye sakafu yenye maji. Nimefika kwenye nyumba ambazo karo la chuma lenyewe lilikuwa linatetemesha watu, wakadhani ni mambo ya majini.

Vuta njia mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi. Jiko la umeme lipewe waya wake peke yake, milimita za mraba 6, na breka ya ampea 32. Soketi za kawaida milimita za mraba 2.5. Weka kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na fimbo mpya ya ethi nje. Soketi zikae mbali na karo. Kazi ifanywe na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme akuachie na cheti, maana siku ya moto utaulizwa.

Kuhusu gharama: kuna bei ya kupikia iliyoanzishwa 2022 kwa majumbani. Ilipoanza, uniti za kuanzia 81 mpaka 150 ndani ya mwezi zilikuwa shilingi 412, wakati nyingi ya zinazotangulia hapo zilikuwa ghali zaidi. Watu wengi wa Yaka, mita za kulipia kabla, hawaijui, wanaogopa kupika kwa umeme kwa sababu wanahesabu kila uniti kwa bei ya juu. Presha kuka ya umeme inaivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja.

---

Kijana wa Masese

Na mtungi wa gesi? Sisi wetu uko chini ya karo, ndani ya kabati.

Fundi Umeme Mbale

Utoe leo hii. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi kwenye matundu ya juu, inalala sakafuni kama maji na kusubiri cheche. Mtungi ukae nje, kwenye kivuli, umesimama, na paipu ipite ukutani. Dada, kwako nyongeza: usiuweke karibu na lile tundu la kutolea maji, gesi itaingia ndani kwa mlango huohuo. Viungo vipake povu la sabuni, ukiona linatoa mapovu funga mtungi. Kiberiti usikitumie kupimia hata ukiwa na haraka ya namna gani.

---

Nyumba ya Reli

Naingia kwa haraka: paa la hilo jiko ni la nini? Kama ni shiti za kijivu zenye mawimbi, ngumu kama saruji, huenda ni asbesto. Msikate kwa msumeno, msitoboe, msisugue kwa brashi. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa unakuja baada ya miaka mingi. Likiwa zima liacheni kama lilivyo, likiwa limevunjika tafuteni watu wenye vifaa vya kulitoa.

Binti wa Walukuba

Ya jiko ni vigae vya udongo vya Mangalore, nimeona jina limepigwa mhuri kwa ndani. Ila kibaraza kina shiti mbili za kijivu kama ulivyoeleza. Nilikuwa nimeshamwambia kijana azisugue ukungu. Nimempigia simu akiwa njiani, amegeuka. Ahsante sana.

---

Binti wa Walukuba (baada ya miezi minne)

Nimerudi na habari, maana wengi mmeuliza.

Nje tulichimba, na Mwashi alisema kweli: udongo ulikuwa juu ya sakafu kwa nusu futi, na chini yake tukakuta mfereji wa zamani wa matofali, mzima kabisa, umefukiwa. Tuliusafisha tu ukaanza kazi. Kibarua aliyekuwa akichimba, huku tunamwita pota, aliita watu wote waje kuona maji ya ndoo yanavyokimbia.

Vigae vyeupe tumevitoa. Chini yake sakafu nyekundu ilikuwa na makovu ya patasi, fundi aliigonga ili saruji ishike. Tumeziba makovu kwa saruji yenye rangi nyekundu. Hayafanani, yanaonekana, na nimeamua kuyaacha. Mteremko umerudi.

Rafu za mvule nilidhani zimechomwa. Mama alizificha chini ya kitanda chake siku ile fundi alipozitupa uani. Ni mbao za inchi mbili, mchwa hawajazigusa kwa miaka yote hiyo. Seremala wa Bugembe aliiparua moja, chini ya masizi ikatoka rangi ya asali iliyoiva, akakataa kuendelea kwa mashine, akasema hii atamaliza kwa randa ya mkono. Sasa ndizo meza ya kukatia.

Umeme ni mpya. Waya wa zamani ulikuwa hivyohivyo, biskuti. Gesi iko nje. Kuta ziko wazi bado, kona ya kaskazini kavera inaonyesha umande, kwa hiyo plasta ya chokaa tutapiga ukame wa Januari ukifika.

Dohani nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho. Tulivunja zege la juu, tukashusha kamba yenye gunia lililojazwa nyasi, juu chini, juu chini, masizi na viota vya ndege vikajaza matoroli manne. Juu tukaweka kofia ya bati iliyoinuliwa, mvua isiingie na moshi utoke. Tukawasha, moshi ukarudi wote chumbani. Nilikata tamaa kabisa. Ni Mama aliyesema tufungue lile tundu la zamani la chini, karibu na mlango, ambalo hata sisi hatukujua lilikuwa la nini kwa sababu fundi aliliziba pamoja na mengine. Hewa ya kupanda lazima iwe na mahali pa kuingilia. Tukalifungua. Nikachukua gunzi la muhindi linalofuka, nikaliweka juu ya meza ya makaa. Moshi ulisimama kidogo, ukalala upande, ukaingia chini ya kofia ya matofali kama uzi unaovutwa na mtu.

Mama aliweka kiganja kwenye matofali ya dohani, akakaa hivyo mpaka yakapata joto. Kisha akamwambia yule msichana akate majani ya migomba.